Unaweza Kulipa Ngapi kwa Mwezi?

Muuzaji wa magari anayeijua kazi yake hakuulizi unataka gari kwa bei gani. Anakuuliza unaweza kulipa ngapi kwa mwezi. Swali linasikika la kiungwana, la mtu anayeuhurumia mfuko wako, na mnunuzi hulijibu upesi kwa sababu hiyo ndiyo namba aliyotoka nayo nyumbani: kodi ya nyumba kiasi hiki, ada ya watoto kiasi hiki, za kutuma kwa wazee kiasi hiki, zinabaki dola mia nne na ushei. Akishaitamka, upatanaji wa bei umekwisha kabla haujaanza. Kuanzia hapo kazi ya muuzaji ni kutafuta muda, riba na masharti yatakayoijaza ile namba mpaka ukingoni, na mnunuzi ataondoka akiamini kwamba amepata alichokitaka. Malipo ya mwezi ni jibu la hesabu, na jibu la hesabu halina cha kupatana. Kinachopatanwa ni namba zinazolizaa, na anayekubali kuzungumzia jibu peke yake amemwachia mwenzake kalamu.

Mkataba unaoonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko yote ni ule wa kukodi gari jipya kwa miaka miwili au mitatu, jinsi unavyofanyika Marekani. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko hukutana nao mapema, kwani katika miji mingi bila gari hufiki kazini, na tangazo la kukodi huwa na malipo madogo kuliko tangazo la kununua kwa mkopo. Udogo huo una sababu yake. Anayenunua kwa mkopo anarejesha bei yote ya gari. Anayekodi analipia uchakavu tu, yaani kiasi ambacho thamani ya gari itashuka akiwa nalo, pamoja na riba ya fedha iliyofungwa ndani ya gari hilo. Muda ukiisha anarudisha funguo, au analinunua kwa bei iliyoandikwa mkatabani tangu siku ya kwanza.

Tuchukue gari la dola 30,000, mkataba wa miezi 36, na kampuni ya fedha inayokadiria kwamba baada ya miezi hiyo litabaki na thamani ya dola 18,000. Uchakavu ni dola 12,000, na ukizigawa kwa 36 unapata dola 333 na senti kidogo kwa mwezi. Riba nayo inahesabiwa kwa njia inayowatisha watu bure. Mwanzoni fedha za kampuni zilizomo ndani ya gari ni 30,000, mwishoni ni 18,000, kwa hiyo kwa wastani ni 24,000. Asilimia 6 ya 24,000 ni dola 1,440 kwa mwaka, sawa na 120 kwa mwezi. Jumlisha: dola 453. Kodi za serikali na ada ndogondogo huongezeka juu yake, lakini kiini cha hesabu ni hicho, mgawanyo mmoja na wastani mmoja, na mwanafunzi wa darasa la saba anaimudu. Ugumu unaletwa na desturi ya biashara yenyewe. Riba ya mikataba hii kwa kawaida haitajwi kwa asilimia. Inatajwa kwa desimali ndogo kama 0.0025, ambayo mtu huiona kana kwamba si kitu. Izidishe kwa 2,400 na asilimia yako 6 inajitokeza. Mbili elfu na mia nne haina uchawi wowote: 12 ni miezi ya mwaka, 2 ni ule wastani wa mwanzo na mwisho, 100 ni ya kuigeuza desimali kuwa asilimia.

Sasa tumwone mnunuzi aliyejitahidi. Amefanya utafiti, amebishana kwa adabu, na bei imeshuka kutoka 30,000 hadi 28,000. Uchakavu sasa ni 10,000, yaani dola 278 kwa mwezi, na riba kwa asilimia ileile 6 inashuka hadi 115. Malipo yanapaswa kuwa 393, pungufu ya dola 60 kwa mwezi. Lakini mnunuzi huyu alishasema kwamba anaweza kulipa dola mia nne na ushei. Muuzaji anaingia ofisi ya nyuma, anarudi na karatasi iliyoandikwa dola 439, na mnunuzi anafurahi, kwa sababu ameteremka kutoka 453. Kilichotokea huko nyuma ni kwamba ile 0.0025 imekuwa 0.0035. Wauzaji wengi wanaruhusiwa na kampuni ya fedha kupandisha riba juu ya ile waliyopewa na kubaki na faida yake, na hapa riba imetoka asilimia 6 hadi 8.4. Tofauti ni dola 46 kila mwezi, au 1,656 kwa mkataba mzima. Sehemu kubwa ya punguzo alilolitolea jasho imerudi ilikotoka, naye hana pa kulalamikia, maana hakuna aliyemdanganya. Aliuliza malipo ya mwezi, akaonyeshwa malipo ya mwezi.

Mchezo huohuo unachezwa kwa kianzio. Tangazo linalosema dola 299 kwa mwezi huwa na mstari mdogo chini yake unaotaka, tuseme, dola 3,999 siku ya kusaini. Zigawe kwa 36 na gari la 299 limekuwa gari la 410. Kuna watu wanaopenda kutanguliza fedha nyingi ili wapumue baadaye, na kwa mkopo wa kununua hilo lina maana, kwa sababu kila wanachotanguliza kinabaki kuwa sehemu yao ya umiliki. Kwa gari la kukodi ni hatari tupu. Likigongwa mwezi wa pili likawa si la kutengenezeka, bima inamlipa mwenye gari, ambaye ni kampuni ya fedha, na kianzio chako kwa kawaida hakirudi. Umbali nao ni malipo ya mwezi yaliyochelewa kuonekana. Mikataba mingi inatoa maili 10,000, 12,000 au 15,000 kwa mwaka, na kila maili inayozidi hutozwa kama senti 15 hadi 25. Mtu mwenye mkataba wa maili 12,000 anayeendesha 17,000, jambo la kawaida kwa anayekaa mbali na ghala analofanyia kazi, atadaiwa maili 15,000 mwisho wa miaka mitatu. Kwa senti 25 ni dola 3,750, sawa na kuongeza 104 juu ya kila malipo aliyodhani ameyamaliza. Anayetaka kubeba abiria kwa gari la namna hii asome kwanza kifungu cha matumizi, maana mikataba mingi inakataza biashara moja kwa moja.

Hapa msomaji mwenye haraka atauliza: mtu anayepokea mshahara kwa mwezi aishi kwa hesabu gani nyingine isipokuwa ya mwezi? Ni swali la haki, na wataalamu wa fedha wanaolipuuza huwa ni watu wasiowahi kuishiwa tarehe ishirini. Kipato kinakuja kwa mwezi, madeni yanadaiwa kwa mwezi, na gari ambalo kwa jumla ni la bei nafuu lakini linameza nusu ya mshahara litanyang'anywa hata kama lilinunuliwa kwa akili. Bajeti ya mwezi ni kipimo cha lazima. Ila ni kipimo cha kukuambia uondoke au ubaki, na mahali pake ni kichwani mwako. Ndani ya chumba cha mauzo mazungumzo yafuate utaratibu mwingine: kwanza bei ya gari kana kwamba unalipa taslimu, kisha riba, kisha thamani ya mwisho, muda na maili, na mwishoni kabisa unachukua simu yako, unapiga hesabu mwenyewe, unaona kama jibu limeingia kwenye bajeti. Halikuingia, unachagua gari dogo zaidi au unaaga. Thamani ya mwisho kwa kawaida huwekwa na kampuni ya fedha na muuzaji hana uwezo nayo, kwa hiyo usipoteze pumzi kuibishania. Ilinganishe tu kati ya aina moja ya gari na nyingine. Gari lisiloshuka thamani haraka linaweza kuwa ghali dukani na rahisi kulikodi. Namba hiyo pia inaweza kugeuka kuwa mali yako. Mwaka 2021, upungufu wa vipuri vya kielektroniki ulipokwamisha viwanda na bei za magari yaliyotumika zikapaa, wakodi wengi wa Marekani walikuta bei ya kununulia iliyoandikwa mkatabani miaka mitatu nyuma iko chini ya bei ya soko kwa maelfu ya dola. Waliorudisha funguo bila kutazama karatasi walimwachia mwenye gari faida hiyo.

Kwamba malipo ya mwezi yanaficha bei si shutuma mpya, na mabunge yameshaifanyia kazi. Mwaka 1976 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda wanaokodi kwa matumizi binafsi, na kanuni zake zilipoandikwa upya 1996 zilimlazimu mwenye gari kuonyesha hatua kwa hatua jinsi malipo ya mwezi yalivyopatikana: bei iliyokubaliwa, kianzio, thamani ya mwisho, uchakavu, na jumla ya riba kwa dola. Yaani ile hesabu yetu ya 333 na 120 imo ndani ya kila mkataba halali, tayari imepigwa. Kinachokosekana ni asilimia. Kwa mkopo wa kununua gari sheria ya 1968 inalazimisha riba itajwe kwa mwaka ili mtu alinganishe benki na benki. Kwa kukodi inatosha kutaja dola. Ni pengo la ajabu katika sheria iliyokusudiwa kuleta uwazi, lakini sasa unajua kulijaza: chukua riba ya mwezi, izidishe kwa 12, igawe kwa wastani wa bei na thamani ya mwisho.

Uingereza ilipigana vita hivi mapema zaidi, na wakati huo hoja ilikuwa samani na baiskeli. Familia maskini zilinunua kitu kwa malipo ya wiki, na wiki chache kabla ya kumaliza, zikikosa mara moja, mwenye duka alikuja kukibeba na kukiuza tena. Ellen Wilkinson, mbunge wa Jarrow, ndiye aliyesimamia sheria ya 1938 iliyosema kwamba mnunuzi akishalipa theluthi moja, mali haichukuliwi bila amri ya mahakama. Kenya ina sheria ya jamaa hiyo, Sura ya 507, inayotaka bei ya taslimu iandikwe pamoja na bei ya awamu, na kumzuia mwenye mali kuinyakua bila kwenda mahakamani pale mnunuzi anapokuwa amelipa theluthi mbili. Bunge la London, kwa maneno mengine, liliona theluthi moja inatosha kumpa mtu haki ya kusikilizwa. Nairobi inamtaka alipe mara mbili ya hapo kwanza. Sheria zote mbili, hata hivyo, zimejengwa juu ya wazo moja, kwamba mnunuzi hawezi kujilinda kama hajui bei ya taslimu, kwa sababu bila hiyo hana cha kuilinganisha na jumla ya anachokilipa.

Pwani yetu haikungoja bunge kulijua hilo. Katika murabaha, mauzo ya desturi ya Kiislamu ambayo benki za Kiislamu zilizofunguliwa Kenya na Tanzania tangu 2008 hutumia kugharimia magari, benki hulinunua gari kwanza kisha humuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida, na sharti lake ni kwamba bei ya kununulia na faida vitajwe vyote viwili wazi kabla ya kusaini. Mteja anaweza kuona faida ni kubwa kuliko riba ya benki ya jirani, na wakati mwingine ni kweli. Lakini ameiona, na faida ikishaandikwa haipandi hata akichelewa. Mtu asiye Mwislamu anaweza kuazima utaratibu huo bila kuazima imani: nionyeshe ulinunua kwa ngapi, nionyeshe unataka juu yake ngapi.

Palipo na giza kabisa ni mkataba ulio wa kawaida sana katika miji ya Tanzania, ule wa bodaboda. Kijana hana fedha za kununua pikipiki, tajiri anazo. Tajiri ananunua, kijana anapeleka hesabu, yaani kiasi walichokubaliana, kila siku ya kazi, mafuta, oili na matengenezo juu yake, na muda waliokubaliana ukiisha kadi inabadilishwa jina na pikipiki inakuwa yake. Mara nyingi karatasi ni moja, imeandikwa kwa mkono, na ina namba mbili tu: hesabu ya siku na idadi ya miezi. Bei haimo. Tuseme pikipiki dukani ni shilingi 2,800,000, hesabu ni 10,000, siku za kazi 26 kwa mwezi, muda miezi 14. Kijana atapeleka 260,000 kwa mwezi na 3,640,000 kwa jumla. Tajiri atasema faida yake ni 840,000, asilimia 30 tu, tena kwa zaidi ya mwaka. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama kijana angekaa na 2,800,000 zote mpaka mwezi wa kumi na nne ndipo azirudishe. Lakini anazirudisha kidogokidogo tangu wiki ya kwanza, na kwa wastani deni analokaa nalo ni kama 1,600,000. Riba halisi inakuwa karibu asilimia 3.7 kwa mwezi, au 44 kwa mwaka. Taasisi za mikopo zinazotangaza riba isiyopungua, yaani inayohesabiwa juu ya mkopo wote hata baada ya nusu kulipwa, zinacheza wimbo huohuo, na mshahara wa mwalimu umeucheza mara nyingi.

Hapa lipo pingamizi zito. Tajiri anabeba hatari ambazo benki imekataa kuzibeba: pikipiki inaibwa, inagongwa, dereva anahama mkoa nayo. Hakuna dhamana, hakuna hati ya mshahara, kuna mdhamini mmoja na namba ya simu. Kwa mtu anayekopesha namna hiyo asilimia 44 haiwezi kuitwa dhuluma moja kwa moja, na baadhi yao ni walimu, askari na wajane waliotia akiba yao yote kwenye pikipiki moja. Nakubali. Hatari ina bei yake, na anayeibeba alipwe. Lakini hoja hiyo inahalalisha riba kubwa. Haihalalishi riba isiyojulikana. Tena hatari anayoibeba tajiri hupungua kila siku ya hesabu, wakati ya kijana inaongezeka, maana mwezi wa kumi na mbili ameshaweka zaidi ya milioni tatu kwenye chombo ambacho kadi yake ina jina la mwingine. Akiumwa malaria siku nne na tajiri akaichukua pikipiki, theluthi za Kenya na Uingereza hazimfikii. Kwa hiyo mambo ya kuandika kwenye ile karatasi, hata kabla ya kubishania shilingi, ni bei ya dukani, jumla itakayolipwa, siku ngapi za ugonjwa au gereji zinasogezwa mbele bila pikipiki kuchukuliwa, na uthibitisho wa kila malipo kubaki mkononi mwa dereva, iwe risiti au ujumbe wa simu.

Wapo watakaosema dereva hana nguvu ya kupatana chochote, tajiri mwenye pikipiki moja ana vijana kumi wanaoisubiri. Ni kweli kwa hesabu ya siku, kwa sababu kila kijiwe kina kiwango chake na tajiri anakijua. Si kweli sana kwa muda. Kijana anayeomba, "Bosi, hesabu kubwa, nipunguzie mia tano," akifanikiwa anaokoa 182,000 kwa miezi yote 14. Akiiacha hesabu ilivyo na kuomba mwezi mmoja ukatwe mwishoni, anaokoa 260,000, na riba halisi inashuka kutoka 44 hadi karibu 34 kwa mwaka. Ombi la pili ni rahisi kukubaliwa, kwa kuwa halimpunguzii tajiri anachopokea jioni ya leo. La kuogopa ni jibu la ukarimu kwa ombi la kwanza: "Sawa, lete elfu tisa, ila tufanye miezi kumi na saba." Elfu tisa kwa siku 26 ni 234,000 kwa mwezi, na kwa miezi 17 ni 3,978,000. Kijana amepunguziwa elfu moja kwa siku na ameongezewa 338,000.